Substring ilivyomfuta mjane wa Narung'ombe kwenye orodha ya salfa

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu ya aibu nimeiacha humo humo.

Naishi Nachingwea, natengeneza mifumo midogo ya mtandaoni. Chama kimoja cha wakulima Ruangwa kiliniomba mfumo wa kugawa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Maua yakitoka hujapata salfa, ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza kila kitu.

Kila mkulima ana namba ya kadi, mfano RUA-NAR-0412. Hiyo NAR ndiyo kata, yaani Narung'ombe. Karani anachagua kata, majina yanakuja.

Sasa mimi ni mtu wa lugha ya PHP. Kule unaandika substr($namba, 4, 3), maana yake anzia nafasi ya 4, chukua herufi tatu. (Kuhesabu kunaanzia sifuri.)

Safari hii nilitumia lugha nyingine, JavaScript, nikaandika namba.substring(4, 3) kwa mazoea. Sikutest. Kujiamini kijinga tu.

Siku ya kugawa nilikaa pembeni ya karani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mjane wa Narung'ombe. Kadi ya marehemu mumewe ilishahamishiwa jina lake.

Karani akachagua kata. Patupu.

"Mama, humu haumo."

Mama akauliza taratibu, "Kwa hiyo shemeji zangu wameshafika hapa?"

Kumbe shemeji zake walikuwa wanaitaka mikorosho ya marehemu, akadhani ndio waliolifuta jina lake. Na mimi, bila hata kuangalia code, nikadakia, "Labda hukuandikishwa, mama." Akafunga kadi kwenye pindo la kanga, akatoka.

Wa pili alitoka Mbekenyera. Naye patupu. Ndipo nikafungua code.

Kwenye JavaScript, namba ya pili ya substring ni mahali pa kuishia, siyo idadi ya herufi. Ukiipa ndogo kuliko ya kwanza, inazibadilisha nafasi kimya kimya, hakuna error. Kata ya kila mkulima ikawa kistari, "-".

Nikaweka substring(4, 7). Majina yote yakaja.

Nikatoka mbio, nikamkuta yule mama anapanda bodaboda. Nikamwambia kosa ni langu. Akarudi nami ndani, akaliona jina lake kwenye screen.

"Hilo jina nichapie kwenye karatasi kwanza," akasema. "Salfa itasubiri."

Nilichojifunza: mfumo ukisema mtu hayupo, kagua code yako kabla ya kumkagua yeye. Aliyewahi kukutwa na la hivi ashushe lake hapa, nisione aibu peke yangu.