Risiti ya Sola kwa Jina la Bi. Otieno

Basi, kumbe aliyekosea ni mimi, si fundi.

Mnajua tumefunga paneli za sola, na mwaka huu ukifunga unarudishiwa sehemu ya gharama kwenye kodi. Siku ya kumlipa fundi nikamwambia kwa mbwembwe, "Andika risiti kwa jina la Bi. Otieno." Wiki tatu za ndoa, jamani, mngefanyaje?

Leo tumepeleka karatasi kwa mhasibu wetu, Mama Wanjiru. Akazisoma, akavua miwani.

"Huyu Bi. Otieno ni nani?"

"Ni mimi!"

"Kwa watu wa kodi wewe bado ni Mutua. Risiti ikibaki hivi, hamrudishiwi kitu."

Eish. Machozi yakanilenga palepale ofisini.

Mume wangu akampigia fundi, naye akakubali kuandika risiti upya kwa jina langu la zamani, la baba.

Nikanuna. Mume wangu akaninong'oneza, "Mpenzi, paneli acha ziitwe za Mutua. Mimi binti yake nimeshamchukua."

Nimeyeyuka!

Haya, na nyinyi semeni ujinga wenu wa baada ya harusi.

Na wewe Baba, najua unasoma hapa: mimi na mkwe wako tunakuja huko Pretoria kukusalimia kabla mwezi haujaisha.