Mdaka Mapapai wa Maneromango

Iko siku moja haijapata kunitoka kichwani, mwanangu Seifu, na leo nitakusimulia upende usipende. Na nyie wenzake mliokaa hapo, wekeni simu chini kidogo. Hazitakimbia.

Jana asubuhi mama yako, binti yangu Zuhura, alikuja hapa Tangini kutoka Dutumi na kikapu cha mihogo kichwani. Mihogo aliing'oa mwenyewe. Akakukuta hapo kibarazani na wageni wako wa kazini, na mmoja akauliza, "Huyu nani?" Nawe ukajibu, "Aa, ni mama mmoja hivi, huwa anatuletea mihogo." Nilikuwa dirishani, nikasikia. Naye akasikia. Akasimama kidogo akingoja mtu ampokee mzigo, hakuna aliyeinuka. Akatua kikapu mwenyewe, akasema, "Karibuni mihogo, wanangu," akaenda zake stendi hata maji hakunywa.

Nilishika huu mkongojo wangu nije nikuchape nao mbele ya hao wageni. Wallahi nilikuwa nimeshainuka. Kisha nikaketi tena, kwa sababu maneno yale nilikuwa nayafahamu. Niliwahi kuyasema mimi, kwa mdomo wangu huu. Basi sikiliza.

Nchi bado inaitwa Tanganyika. Mimi nina miaka kumi na tisa, naishi Maneromango kwa Shangazi Tatu, dada yake baba, aliyenichukua nikiwa mdogo baada ya wazazi wangu kufariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde akaitika. Alikuwa na mihogo yake, mikorosho michache, na mipapai mirefu ajabu, na hiyo mipapai ndiyo iliyotulisha.

Nyie mnaliona papai limekatwa vipande kwenye sahani, mnadhani lilizaliwa hivyo. Thubutu! Papai linaanguliwa. Shangazi anashika ufito mrefu, anasukuma tunda pale kwenye kikonyo, na mimi niko chini nalidaka. Likigusa ardhi, limekwisha, maana lori la kwenda Kisarawe lilipita kwetu mara mbili tu kwa juma, na barabara yenyewe ilikuwa mashimo matupu. Papai lenye jeraha lilifika sokoni limekuwa uji. Kwa hiyo Shangazi alinifundisha kudaka kwa maneno makali na makofi ya mgongoni. Utazame kikonyo, siyo ufito. Tunda likija usilikazie mikono, utalipasua. Shuka nalo, legeza magoti, likumbatie tumboni. Nikikosea ananipigia kelele: "Lipokee, Kondo! Mgeni hasukumwi mlangoni!"

Sasa mtu aliyedaka mapapai tangu ana miaka saba, ukimweka golini, mpira utapita wapi? Nilianza kucheza kwetu, nikaenda Kisarawe, na watu wakaniita Kondo Papai. Kona zikipigwa mimi nazichukua tu na kuzikumbatia. Ndipo siku moja wakaja mabwana wawili kutoka Dar es Salaam, wakatazama mechi, wakaandika jina langu kwenye karatasi. Tanganyika ilikuwa inakaribia kucheza na Uganda. Wakati ule kucheza na nchi jirani lilikuwa jambo geni, watu walizungumza habari hiyo msikitini, kilabuni, na kwenye harusi. Wakasema wanataka golikipa. Wakanitaka mimi!

Nikaenda Dar es Salaam na shati moja na kanzu ya Ijumaa. Wenzangu kambini walikuwa vijana wa mjini, nywele wamepasua njia upande, wanaongea Kiingereza cha kuvunjavunja. Siku ya kwanza ya mazoezi nikadaka mpira kama nilivyozoea, magoti chini, mpira tumboni. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Jamani, huyu ananyonyesha!" Mwalimu wetu wa timu, mtu nadhifu sana, soksi zake hazikupata kushuka, hakucheka. Alinijia pale golini akaniambia, "Kijana, golikipa wa taifa hadaki kama mbeba watoto. Nyosha mikono. Daka kwa vidole, mbali na mwili. Watu watakaokuja kututazama si watu wa shamba."

Nikaona haya, mwanangu. Nikanyosha mikono. Wakaniuliza nimejifunzia wapi mpira, nikasema shuleni, Dar es Salaam hapahapa. Uongo mtupu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi mbachao wangu niliutupa jalalani kabisa, nikautemea na mate.

Mechi ilikuwa Jumapili. Jumamosi mchana tumekaa nje ya kambi, naona mwanamke anakuja na kikapu kichwani, miguu yote vumbi jekundu. Shangazi Tatu. Alipanda lori tangu jana yake, amekaa juu ya magunia ya mkaa, analinda mapapai yake yasijeruhiwe, aniletee mimi na wenzangu. Akasimama getini. Na wewe unajua kwetu, mtu mzima akija na mzigo kichwani, kijana hasubiri kuambiwa, anakimbia kuupokea. Hata kama ni mzigo wa mtu usiyemjua. Shangazi akanitazama, kikapu kichwani, anangoja.

Mmoja wa wenzangu akauliza, "Huyu nani?"

Nikasema, "Ni mama mmoja hivi, anauza matunda."

Umeona? Maneno yako hayohayo. Shangazi akatua kikapu mwenyewe. Akasema, "Kuleni, wanangu, mcheze vizuri." Akayapanga mapapai chini, akageuka akaondoka na kikapu chake kitupu. Wenzangu wakala mapapai yale wakasifu utamu wake. Mimi sikuonja hata kipande, nikasema tumbo linaniuma.

Kesho yake mvua ya vuli ilianza adhuhuri. Uwanja umejaa watu, wengine wamesimama nyuma ya goli langu kabisa, wamezuiwa na kamba tu. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, ukilowa unakuwa mzito kama kibuyu kilichojaa maji. Nikawaambia vidole vyangu, haya, fanyeni kama mwalimu alivyosema. Loo! Waganda hawakuchelewa. Shuti la kwanza nikanyosha mikono mbali na mwili, mpira ukateleza vidoleni, nikautema, na mshambuliaji wao, mrefu mmoja mwenye miguu kama ngongoti, akausukuma ndani bila hata kukimbia. Watu wakanyamaza. La pili lilikuwa lilelile, nimetema, wamefunga. Hapo hawakunyamaza. Nilitukanwa matusi ya Kizaramo, na ya makabila mengine ambayo sikuyajua ila nilielewa. Mbili bila, refa akapuliza mapumziko.

Tulikuwa tunapumzikia palepale uwanjani. Wenzangu wakaletewa machungwa, mimi nikabaki karibu na nguzo yangu, sitaki kumtazama mtu. Nikasikia sauti nyuma ya kamba.

"We Kondo!"

Sauti ile haikuhitaji kurudiwa. Nikageuka. Amelowa chapachapa, kanga imemganda kichwani, kikapu kitupu mkononi. Nikajua sasa nitaumbuka mbele ya mataifa mawili.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba. Jana umenikana mimi, nimenyamaza. Mimi mtu mzima, nina kwangu pa kurudi. Leo unaikana mikono yako. Hilo sinyamazi! Mikono hiyo nimeilea mimi, nimeilisha ugali na kisamvu, siyo huyo bwana wa soksi. Nani kakwambia ukumbatie papai uone haya ya mpira?"

"Shangazi, mwalimu amesema..."

"Mwalimu amepata kudaka papai mvua inanyesha?"

Angepata wapi?

"Basi kama hajapata," akasema, "ananifundishia mwanangu nini?"

Refa akapuliza. Na unajua kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Nikakimbia kwenda goli la upande wa pili, na nilipofika nikageuka nikamwona Shangazi Tatu anazunguka uwanja mzima, anapenya katikati ya watu, kikapu kimetangulia, anawaambia, "Nipisheni, nipisheni, nina kijana wangu kule." Akaja akasimama nyuma ya goli langu tena.

Nikafuta mikono kwenye bukta. Nikalegeza magoti.

Shuti la kwanza la kipindi kile nikashuka nalo mpaka matopeni, mpira tumboni, nimeukumbatia. Nasikia watu wanacheka. Cheka! La pili hivyohivyo. Kona ikapigwa, nikatazama mpira tu kama kikonyo, nikauchukua juu ya kichwa cha yule Mganda wa miguu ya ngongoti nikashuka nao. Mwalimu amesimama pembeni anapunga, "Mikono! Nyosha mikono!" Nikamsikia vizuri sana. Nikafanya nilivyofundishwa Maneromango. Na kila nikishika, nyuma yangu nasikia, "Hiyo! Mgeni hasukumwi!" Baada ya muda watu wote waliosimama nyuma ya goli wakawa wanasema naye, hata hawajui maana yake. Waganda walipiga wakachoka. Haukupita hata mmoja, mwanangu. Haukupita!

Tulirudisha goli moja. Moja tu. Tukafungwa mbili kwa moja, na zile mbili zote nimezitema mimi. Sikwambii hadithi ya ushindi hapa.

Baada ya mechi mwalimu akaniita mbele ya wenzangu. Akasema safari ya kwenda Kampala kwa mechi ya marudiano iko karibu, na nafasi yangu ipo, kwa sharti. Niombe radhi kwa ukaidi wangu wa kipindi cha pili. Na yule mwanamke aliyekuwa akipiga kelele nyuma ya goli, nimwambie asionekane tena uwanjani, maana ametutia aibu. "Kwanza ni nani yule?" akauliza.

Nilikuwa sijapata kupanda treni, Seifu. Sijapata kuona nchi nyingine. Nilitaka kwenda Kampala kuliko kitu chochote, nakwambia ukweli, machozi yalikuwa yananilenga.

Nikasema, "Yule ni Shangazi yangu. Anaitwa Tatu, wa Maneromango. Anauza mapapai, na ndiye aliyenifundisha kudaka. Kwa goli mbili za kwanza naomba radhi kwako na kwa nchi nzima. Kwa kipindi cha pili siombi."

"Basi huendi," akasema.

"Siendi," nikasema.

Na sikwenda. Kampala sijaiona hadi leo na sasa hata macho ya kuionea yamefifia. Sikuitwa tena timu ya taifa. Vijana wa hapa mtaani wakitaka kunitania wananiita mchezaji wa nusu mechi, nami nawaitikia. Ile nusu ni yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilirudi Kisarawe nikadaka miaka kumi na miwili mingine, kwa magoti yangu na tumbo langu, na aliyetaka kucheka alicheka.

Siku ile nilimkuta Shangazi nje ya uwanja anakamua kanga yake. Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe ya jana." Akasema, "Nilikusamehe palepale getini. Haya, pokea kikapu." Kilikuwa kitupu kabisa, hakina hata ganda. Nikakibeba kichwani katikati ya Dar es Salaam mpaka kwenye lori, wenzangu wa kambini wananiangalia.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii, na wenzako nao waichukue. Dunia itakuja na soksi zake nadhifu ikwambie ulipotoka panatia aibu. Ikatae. Ikatalie mbele ya watu, kwa sauti, siyo chumbani kwako. Ukihitaji kujifunza jipya jifunze, sijakuzuia, nimekusomesha mimi mwenyewe. Lakini kazi aliyokufundisha mzazi usiifiche, na mzazi mwenyewe ndiyo kabisa. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akiwa na kiti cha kuzunguka ofisini. Na usidhani utakuja kurekebisha baadaye. Mimi nilipata kipindi cha pili kwa sababu Shangazi alizunguka uwanja mzima kwenye mvua kunifuata. Mama yako ana presha na magoti mabovu. Huenda asizunguke. Wewe ndiye mwenye miguu.

Kwa hiyo kesho utakwenda Dutumi. Usimnunulie kitu, atafikiri unalipa. Nenda kasimame njiani wakati wa kutoka shamba, na ukimwona anakuja na mzigo wake, mwite "Mama!" majirani wote wasikie, kisha kimbia ukampokee.

Nenda, mwanangu, na radhi zangu ziko pamoja nawe. Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyotema, akupe magoti ya kushuka mbele ya aliyekulea na shingo ngumu mbele ya anayemdharau. Amina. Na hiyo mihogo ya mama yako iko jikoni, imeshachemka. Wapakulie wenzako, na waambie imetoka kwa nani.