Utani Ulioingia Kwenye Ramani

Nilifika kidato cha nne, na kusoma ramani nilifundishwa. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri, nikacheka.

Wapima ardhi walifika kwetu Zombo mwanzoni mwa kiangazi, wawili, kwa pikipiki kutoka Mikumi, na droni yao ndani ya boksi jeusi. Kwenye mkutano wa kijiji, mpima mwanamke alitueleza kwamba kamera yake ina lenzi ya kuvuta vitu vya mbali. Droni itaruka juu kupita vilima vyetu, lakini picha zitaonyesha hata kandambili iliyoachwa barazani. Zikiunganishwa zitakuwa ramani moja, na kutokana nayo kila mtu atapata hati ya kimila ya shamba lake. Ila kamera, alisema, haijui shamba la nani linaishia wapi. Wanaopakana waweke mawe yaliyopakwa chokaa kwenye kona, wakubaliane, na mstari utachorwa kufuata mawe hayo.

Mimi nimepakana na mtani wangu. Ukoo wake na wetu hutaniana tangu enzi za babu zetu. Anaweza kuingia kwangu akaondoka na kuku, nami nisinune. Anayemkasirikia mtani, huku kwetu huonekana hakulelewa. Kati ya mashamba yetu, chini bondeni, kuna kipande chenye unyevu mwaka mzima. Kilikuwa changu, na nilimpa binti yangu alipoachika akarudi nyumbani. Alilima mchicha na nyanya, akawalisha wanawe watatu kwa bustani hiyo.

Mawe tuliyaweka pamoja, mimi na mtani, bila neno. Asubuhi ya droni kuruka, binti yangu alikuja akihema kuniambia kwamba mawe mawili yamehamishwa, bustani yake yote imebaki ng'ambo. Nilipofika, mtani alikuwa amekalia jiwe mojawapo, mikono imejaa chokaa, na majirani wamemzunguka.

"Umechelewa, mtumwa wangu," akaniambia. "Mirathi yako nimeshagawa, na wewe mwenyewe nimekuweka fungu la mbuzi."

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba mwenye tumbo kama lake hatoshwi na bonde, aongezewe na mlima. Wakacheka zaidi, na nakiri kwamba nilifurahi jibu langu kuwapendeza.

Binti yangu hakucheka. Alinisogelea akasema polepole, "Baba, tuyarudishe kabla haijaruka."

Nikamwambia huo ni utani, mtani atayarudisha mwenyewe tukiondoka. Akainama kulinyanyua lile jiwe lingine. Nikamshika mkono mbele ya watu wote.

"Acha. Usiniaibishe."

Akaacha. Akarudi kwenye matuta yake kumwagilia. Muda mfupi baadaye droni ilivuma kama nyuki, ikapanda mpaka ikawa nukta, kisha hatukuisikia tena.

Wiki kadhaa baadaye tuliitwa kuihakiki ramani. Mpima aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza sehemu yetu. Nililiona beseni la bluu, matuta ya mchicha, na binti yangu ameinama na ndoo yake. Mstari wa mpaka ulipita kati yake na shamba langu. Alikuwa ndani ya shamba la mtani.

Mpima akauliza kama kuna pingamizi. Nilimtazama mtani, nikingoja aumalize utani wake. Yeye aliitazama kompyuta.

"Ndivyo tulivyokubaliana," akasema. "Mwenyewe alikuwepo, na alicheka. Waulizeni majirani."

Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akisema jambo bila tabasamu. Siku hiyo hakutabasamu. Nikaeleza kwamba mawe yalihamishwa kwa utani. Wazee wa kamati ya ardhi wakawauliza majirani, nao wakasema kweli: nilikuwepo, nikajibu mzaha kwa mzaha. Kisha mjumbe mmoja akaniuliza kama hakuna aliyetaka kuyarudisha.

"Binti yangu alitaka."

"Nani alimzuia?"

"Mimi."

Ningeweza kusema uongo, lakini yeye alikuwa amekaa nyuma yangu.

Kamati ikaupitisha mstari kama ulivyochorwa. Mtani alimruhusu binti yangu avune nyanya zilizokuwa zimekomaa. Nilikwenda kumsaidia kubeba, akaniambia nipumzike, jua ni kali. Hakunilaumu, wala mama yake hakumsikia akinilaumu. Mwezi uliofuata alikwenda Ruaha kufanya kibarua cha miwa, akatuachia watoto.

Hupiga simu Jumapili. Hunipa shikamoo, naitikia marahaba, huuliza habari za shule za watoto. Kuhusu bondeni ameuliza mara moja tu, kama mtani ameshapanda kitu. Nikamwambia bado, pameota magugu mpaka kiunoni. Akaomba nimpe simu mwanawe mdogo.