Niliweka mapipa tisa ya petroli nyuma ya mlango wa kuzuia moto, kumbe ndani ni katoni

Wakuu, salamu kutoka Butembo.

Jana mwenzetu mmoja aliuliza humu kama mlango wa kuzuia moto aliofungiwa na mjenzi ni wa kweli au ni wa jina tu. Wengi mkamjibu, "Angalia kibati cha cheti, basi."

Nikacheka peke yangu, si kwa furaha. Kibati niliwahi kuwa nacho. Naomba niwasimulie, na chumvi sitatia.

Ilikuwa wakati wa vita, mji uko mikononi mwa waasi. Nilikuwa nauza petroli pale mtaa wa Mususa. Ilikuja kwa mapipa kutoka mpakani Kasindi, na pa kuiweka palikuwa shida, maana kibanda chochote cha nje kilivunjwa na kuporwa.

Kwa hiyo sisi wauzaji tulilala na mafuta ndani ya nyumba. Najua, wakuu. Subirini kwanza kunitukana.

Chumba cha mapipa kilipakana na cha Mama yangu. Mama alikuwa amepooza miguu, bila mtu wa kumbeba hatoki. Kati yake na petroli kulikuwa na mlango wa mbao tu. Nilikuwa naogopa, ndiyo maana sikuweka zaidi ya mapipa mawili.

Siku moja mfanyabiashara wa jumla, tumwite Papa Paluku, akapokea kontena la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na milango ya kijivu, kila mmoja una kibati chekundu usawa wa macho: umepimwa, unazuia moto saa moja, na namba chini yake.

Nikachukua mmoja. Ulipofungwa mahali pa ule wa mbao, majirani walikuja kuutazama kama bibi harusi.

Nikamwambia Mama, "Sasa hata moto ikiwaka, tuko na saa muzima ya kukutosha inje."

"Aksanti, mutoto yangu," akasema.

Kibati kile kilinipa kichwa. Mapipa mawili yakawa manne, manne yakawa tisa.

Sasa, enzi zile hapa kwetu mlango haukuhesabika kuwa mlango bila makomeo matatu ya kuwazuia waporaji, hata mlango wa ndani. Nikamwita Salumu, fundi kutoka Beni, ambaye kabla ya vita alifunga milango kwenye hoteli moja kubwa Kampala.

Salumu aliung'oa ili akautoboe matundu ya makomeo uani, mbali na mafuta. Akaubeba peke yake. Alipofika katikati ya uwanja akasimama nao mikononi.

"Patron, mulango ya moto ya kweli mutu mumoja habebake. Mie naibeba namna gani?"

Akaulaza chini, akaanza kuukagua pembeni kote, polepole. Nikamwonyesha kibati. Hata hakukitazama sana.

"Plaque ya kweli inakaaka huku ku mbavu, fasi ya bawaba. Hii banaiweka mbele, juu ya bageni baione. Na ule mukanda wa kuvimba mu moto, ya kuziba moshi, iko wapi?"

Hakukuwa na mkanda, wala bawaba ya kuufanya ujifunge wenyewe. Akachukua keke ya mkono, akatoboa tundu moja. Zikatoka nyuzi za katoni.

Tukaenda moja kwa moja dukani kwa Papa Paluku. Milango sita ilikuwa imeegemezwa ukutani. Tukasoma vibati vyote sita. Namba ilikuwa moja, ile ile ya kwangu.

Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini mzee hakubisha.

"Mulango moja ilikuya na plaque yake ku mbavu. Banunuzi bakaipenda, njo maana nikachongesha zingine ku soko. Batu si banabandikaka alama ya motokari kali ku lori ya zamani?"

Alikuwa anasema kweli. Kwake kibati kilikuwa urembo. Salumu akamweleza kwamba ile ni ahadi ya mtu aliyeuchoma mlango kama huo na kuhesabu dakika.

Mzee akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Hata kwangu niliweka moja," akasema. "Kati ya groupe na chumba ya batoto." Groupe ndiyo jenereta. Kisha akainuka: "Salumu, twende utoboe na yangu."

Mchana huohuo nikatoa mapipa yote tisa nje. Wiki haikuisha, yakaporwa. Sikulia.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, usitoboe, maana mlango halali ukitobolewa ovyo nao unaharibika. Fungua, tazama ubavuni. Soma namba, dai karatasi ya upimaji, kisha muulize mtengenezaji mwenyewe kama mlango huo ni wake, usimuulize muuzaji. Angalia na fremu, maana hupimwa pamoja na mlango wake. Ukiubeba kama begi la shule, hapo hata karatasi usiulize.

Lakini hayo yote siyo yaliyoniuma.

Nilimweleza Mama ukweli.

"Nilikuwa nasikiaka ukibiringisha mapipa," akasema. "Nilikuwa nahesabu. Ilipofika tano nikaogopa. Nikasema hapana, mutoto yangu anajua."

Sikuwa najua chochote. Nilikuwa nimesoma kibati.

Nawasikiliza, wakuu. Ile namba ya mlangoni kwako, ni nani alikuthibitishia? Na nyuma ya mlango huo amelala nani?