Siku Niliyofunga Turubai Mbele ya Nyumba ya Bibi

Hapana, Zulfa, usilisingizie jua. Kila tukisimulia mkasa huu unaanza kunitetea, oo jua lilikuwa kali, oo mtu yeyote angetafuta kivuli, na mimi nakwambia mbele ya hawa waliokaa hapa wanacheka kabla hata sijaanza: jua la Tabora nalijua tangu nazaliwa na halikunituma popote. Aliyekwenda kuazima turubai ni mimi, kwa miguu yangu, na aibu ni yangu peke yangu, nimeshaikubali, maana mpaka leo nikipita Isevya kuna watu wananiita kutoka vibarazani, "Nasra, leo tunamzika nani?"

Kwa wasiojua, Zulfa ndiye aliyekuwa ameshika simu. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, tunasubiri matokeo, hatuna kazi, na mimi nikajiwa na wazo la kutengeneza vipindi vya video vya nyama choma. Siyo biashara, ni kupenda tu. Nilikuwa na daftari zima la mipango: kipindi cha kwanza mishikaki ya babu, cha pili kuku wa kienyeji, cha tatu mbavu za mbuzi, na cha mwisho twende Kwihara tukachome nyama kwenye vijiti kama wapagazi wa misafara, wale waliokuwa wanapita na pembe na mizigo kutoka Ujiji kwenda pwani (hiki nilikuwa nimekichora kabisa, mpaka mahali Zulfa atakaposimama).

Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye kipindi cha kwanza. Babu yangu alikuwa anachoma mishikaki mbele ya nyumba yetu, kwenye jiko la pipa lililokatwa katikati, na ukitoka madrasa jioni ile harufu unaikuta kona ya pili kabla hujaiona nyumba, unaanza kukimbia bila kuambiwa. Alikuwa ananiita mchumba. Mshikaki wa kwanza ulikuwa wangu, anaupunga hewani upoe, anapunga huku anaongea na wateja, mpaka mimi nalia kwa hamu, halafu ananipa anasema, "Haya mchumba, usimwambie yule mkubwa," na yule mkubwa ni bibi, ambaye amesimama palepale anasikia. Babu alifariki nikiwa bweni, kidato cha pili, katikati ya mitihani, na wakubwa wakaamua nisiambiwe mpaka nimalize. Niliporudi nilikuta mambo yameisha, viti vimerudishwa kwa wenyewe na jiko limeingizwa stoo. Yaani niliondoka kuna babu, nikarudi hakuna, na katikati sikuona kitu.

Sasa babu alikuwa mchomaji tu, viungo vilikuwa vya bibi. Alikuwa anavichanganya chumbani kwenye bakuli, mlango umefungwa, na hajawahi kumwonyesha mtu, hata mama. Na Jumapili ya wiki ile shangazi alikuwa anakuja kumchukua ahamie Mwanza, akatibiwe macho na akae hukohuko. Kwa hiyo mjue nilikuwa na haraka gani. Ikifika Jumapili sijajua, basi ile nyama imekwenda na babu moja kwa moja.

Nilimbembeleza siku tatu. Mwishoni akasema, "Haya mke mwenza, Jumamosi. Mimi na wewe, uani. Mbele hapana."

"Bibi, uani kuna giza, na kamba za nguo zitaonekana. Mbele ndiyo palikuwa pa babu."

"Nimesema mbele hapana."

Sikumuuliza kwa nini. Mimi ukinikatalia kitu huwa siulizi sababu, naanza tu kutafuta pa kupitia.

Alhamisi bibi akatoka alfajiri kwenda Kwihara kushinda na dada yake, na mimi nikasema si ndiyo nafasi hii, nifanye jaribio mbele ya nyumba, nikimwonyesha imetoka vizuri atakubali mwenyewe. Nikatoa jiko stoo, nikanunua nyama, nikatandika kila kitu palepale alipokuwa anakaa babu. Zulfa akanipiga video ya kwanza, tukaitazama, uso wangu nusu mweusi nusu unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa upande mmoja. Jua. (Haya Zulfa, hapo jua lilikuwepo, nimekubali.) Ndipo nikasema ngoja nikaazime turubai kwa Mzee Kitwana, yule anayekodisha vitu vya shughuli nyumba ya nne kutoka kwetu.

Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda Nzega. Nilimkuta mke wake. Nikamwamkia, nikamwambia naomba turubai dogo, la kufunga mbele ya nyumba. Akanitazama. Akaweka ungo chini, akanishika bega, akasema, "Chukua lile kubwa, mwanangu. Na viti chukua. Na mikeka." Mimi nilikuwa nimeomba turubai tu! Nikajisemea, watu wa mtaa huu wana moyo jamani, wanaunga mkono vijana. Nikapakia vyote kwenye mkokoteni wao, na njiani wanaume wawili ambao hata siwajui vizuri wakanipokea, wakafunga turubai, wakapanga viti, wakatandika mikeka, bila neno, na nilipowashukuru wakainamisha vichwa.

Nikawasha moto. Nyama nilikuwa nimeitia ndimu, tangawizi na papai bichi, halafu nikakumbuka kwamba ya babu ilikuwa na utamu fulani wa asali, nikaimwagia asali yote nikaibandika jikoni. Mwenye kujua ameshajua. Asali ikaungua, ukatoka moshi mweusi wa kukaba koo, machozi yananitiririka, kamasi zinanitoka, nimejitanda khanga moja kichwani nywele zisinuke na nyingine kiunoni, nimekaa mbele ya nyumba chini ya turubai, nalia.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwajuma wa nyumba ya pili, rafiki wa bibi wa miaka yote. Akavua kandambili, akakaa mkekani, akajifunika khanga. Nikamwambia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini. Wakaja wengine wawili. Wakaja watano. Sasa nyie mnajua kwetu ilivyo, mtu hafiki kwenye nyumba iliyofungwa turubai akauliza amekufa nani, ni kukosa adabu, anafika, anakaa, anasubiri wenye nyumba waseme. Na wote walikuwa wanajua bibi anaumwa macho, anapelekwa Mwanza, na asubuhi ile hakuonekana mlangoni kufagia. Walikuwa wanasubiri mimi niseme. Mimi nilikuwa nafikiri wamekuja kutazama kipindi.

"Zulfa," nikamnong'oneza, "watazamaji wameanza kujaa hata hatujaposti."

Nikawaambia asanteni sana kwa kuja, sogeeni mbele, msikae mbali. Halafu, Mungu nisamehe, nikaigeukia simu, nikapanua mikono na haya machozi yangu ya moshi usoni, nikasema kwa sauti ya redio, "Karibuni sana, leo ni siku ya furaha kubwa nyumbani kwetu!"

Mtu mmoja mkekani akasema, "Mtoto amechanganyikiwa."

"Muacheni," Bi Mwajuma akajibu, "kila mtu na uchungu wake." Akainuka, akanikumbatia mpaka mbavu zikauma, akaanza yeye kumlilia mama kwa Kinyamwezi, "Mayo wee, mayo wee," na mimi namwambia, "Bi Mwajuma, nyama inaungua." Akaitazama ile nyama. Akaichomoa yote kwenye vijiti, akaimwaga kwenye sufuria, wanawake wakasogeza mafiga, mmoja ameshaleta mchele, mwingine anamenya vitunguu, na kipindi changu cha kwanza cha nyama choma kikawa mchuzi mbele ya macho yangu. Nikajaribu kumnyang'anya mwiko. "Kaa, mwanangu," akaniambia kwa upole kama mtu anayeongea na mgonjwa, "leo wewe hushiki kazi."

Hapo nikaanza kukasirika, lakini pia nikaanza kuwatazama vizuri. Wanaume walikuwa wamejaa kwenye viti. Walikuwa wengi mno kwa mishikaki. Na baada ya adhuhuri nikaona watu wanne wanakata kona kutoka msikitini wamebeba jeneza, Ustadh wa mtaa yuko mbele, nikashtuka kwelikweli, nikamgeukia Bi Mwajuma nikauliza kwa sauti kila mtu asikie:

"Jamani, amekufa nani?"

Hata mwiko ulisimama sufuriani.

Ustadh akanisogelea. "Mwanangu, mwili uko chumba gani?"

"Mwili wa nani?"

"Wa bibi yako."

"Bibi yupo Kwihara!"

"Inna lillahi," akasema, "kumbe amefia Kwihara."

"Hajafa! Yupo kwa dada yake, amekwenda kula mihogo!"

Sasa kabla hawajaamua kama waniamini au wanimwagie maji kichwani, bodaboda ikasimama barabarani. Bibi alikuwa nyuma. Kwa yale macho yake watu alikuwa hawaoni sawasawa, lakini turubai lilikuwa la buluu, kubwa, lipo mbele ya nyumba yake, hilo aliliona. Na asubuhi ndani ya nyumba ile alikuwa amemwacha mtu mmoja tu.

Akashuka kabla pikipiki haijatulia. Kiatu kimoja kikabaki. Bi Mwajuma alipomwona akapiga ukelele na kukaa chini kama gunia, wengine wakakimbia hadi ng'ambo ya barabara, lakini bibi hakumjali mtu, alikuwa anapita katikati ya wanawake anawashika nyuso mmoja mmoja, anavuta khanga anaangalia, anasema, "Nasra. Nasra wangu yuko wapi? Nasra wangu." Na mimi (hili huwa silisemi, leo nalisema) kwa aibu nilimwacha ashike nyuso mbili tatu zaidi kabla sijasema, "Bibi, nipo."

Alinizaba kofi moja la nguvu. Halafu akanishika mabega kwa mikono miwili, hakuniachia.

"Nilikuacha peke yako humu ndani," akasema. "Nikiona turubai nifikiri nini? Jeneza la babu yako lilitoka hapahapa. Hapahapa ulipoweka jiko. Unadhani nilikukataza mbele kwa sababu gani?"

Ningeuliza tu, siku moja kabla, ningeambiwa.

Nilidhani watu watakasirika waondoke. Bibi akakaa kwenye kiti, akavuta pumzi, akanusa. "Mmepika?" Bi Mwajuma, bado yuko chini, akasema ndiyo. "Basi pakueni, na mimi nile shughuli yangu nikiwa hai." Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikaenda, mpaka wale wanne wakaegesha jeneza ukutani wakanawa mikono.

Wakala, na wakala mpaka wakaanza kuongea, na kwa sababu ya lile jiko la pipa wakaanza kumwongelea babu. Mzee mmoja akasema alimchumbia mkewe kwa mishikaki ya pale, miwili kwa siku, mwezi mzima. Mwingine akaiga babu alivyokuwa anapepea moto kwa kipande cha boksi huku anabishana mpira. Ustadh akasema, "Na asali alikuwa haipaki mpaka nyama imeiva," bibi akamkatiza, "Nani amekwambia wewe?" Akasema, "Nilikuwa nakula hapa kila Ijumaa, Bi mkubwa, nilikuwa namtazama mkono," na bibi akacheka huku anajifuta kwa ncha ya khanga. Simu ya Zulfa ilikuwa imeisha chaji zamani. Mimi nilikaa mkekani nasikiliza, nikafikiri kumbe ndivyo ilivyokuwa walipokaa siku ile nikiwa bweni nafanya mtihani, watu walewale, kwenye mikeka hiyohiyo ya Mzee Kitwana.

Walipoondoka wote, jua linazama, nikaosha sufuria zote peke yangu. Bibi alikuwa anakunja nguo zake za safari. Nikasimama mlangoni. Nikajikaza.

"Bibi, Jumamosi bado ipo?"

Akakunja gauni moja lote kabla ya kunijibu. "Watu wameacha vibanda vyao, wamelia machozi ya kweli, wamebeba jeneza juani. Kesho unawazungukia. Nyumba kwa nyumba, unaomba radhi, na mtu akikutukana unapokea. Zikiisha zote, Jumamosi nitakufungulia mlango uone bakuli. Ikibaki nyumba moja, mke mwenza, naondoka na viungo vyangu."

Nikatoa daftari, nikafungua ukurasa mpya nyuma ya mipango yangu ya video, nikaanza kuandika majina, na nilipofika thelathini nikaacha kuhesabu. Nikaamua kesho simu nimwachie Zulfa, niamke kwa adhana, nisipite njia ya mkato wala nisisimame mlangoni kwa mtu kama ninayewahi gari. Nianze kwa Bi Mwajuma, maana ndiye aliyelia kuliko wote, halafu wale wanne wa jeneza, halafu mke wa Mzee Kitwana nikiwa na mikeka yake kichwani, imeshafutwa vumbi.