Kumletea Bibi Moto

Jana mteja aliwasha sigara ndani ya banda langu la dagaa hapa Kirumba, nikamtoa nje. Mlangoni nimeandika kwa rangi, kwa mkono wangu: HAPA HATUVUTI. Darasa la tatu lilinitosha kwa hayo. Lakini ule moshi ulinikumbusha bibi yangu.

Nilipokuwa mdogo, Bibi alikuwa akisokota tumbaku yake mwenyewe, kisha ananituma jikoni kuiwasha. Upepo wa ziwa ungeizima njiani, kwa hiyo nilirudi nikiivuta, nikikohoa mpaka machozi. Siku moja nesi wa zahanati akanikuta uani.

“Shikamoo bibi. Mbona mjukuu anavuta?”

“Marahaba. Havuti huyo, ananiletea moto.”

“Na hicho kikohozi anamletea nani?”

Tangu siku ile Bibi aliufuata moto jikoni mwenyewe, na magoti yake mabovu, akimsema nesi kila hatua. Mwezi ulipoisha alikuwa anainuka mara moja tu kwa siku, baada ya ugali wa jioni. Mimi nilimsikiliza akinung'unika njia nzima, nimejilaza mkekani, kifua kimetulia.