Redio Aliyoinunua Mama

Niwataje kwanza waliokuwepo siku ile, kwetu Kiwangwa: mama yangu, Mwanaidi binti Selemani; shangazi Tatu, dada wa baba; Mzee Hemedi, mwuza redio, aliyekuja kwa baiskeli toka Msata; na mimi Zainabu, wa miaka saba. Baba, Rajabu, hakuwepo. Alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, mwaka wa pili ule.

Nimeyakumbuka juzi, mjukuu wangu Zuhura alipofungua boksi la laptopu. Harufu ya plastiki mpya ikanipanda puani, naye yuko kwenye simu anamwuliza mwuzaji: chaji inakaa saa ngapi? Ikiharibika, nani anatengeneza? Nikamsikia mama kabisa.

Maana mama alimhoji Mzee Hemedi mpaka jasho likamtoka. Inakula mawe mangapi ya betri? Mawe yakichoka, tukiyaanika juani yatapata nguvu? Inashika Dar bila kukoroma? Mimi nisiyesoma, stesheni nitaijuaje?

"Wifi," shangazi akacheka, "unanunua redio au unachagua mume?"

Mama hakucheka. "Na sauti, yaweza kuwa ndogo? Nisikie peke yangu?"

"Bibie!" Mzee Hemedi akashangaa. "Wenzio wanataka ingurume mpaka kwa jirani!"

Kabla ya hapo tulikuwa tukisikiliza redio barazani kwa jirani yetu, Bi Mwajuma. Saa ya salamu wanawake walijaa pale, na aliyetajwa na mumewe aliye mbali alipigiwa vigelegele. Kipindi kikiisha bila jina lake, macho yote kwa mama. "Kesho, Mwanaidi," walimwambia, na walisema kwa wema.

Basi redio yetu mama aliiweka chumbani, akaifunika kitambaa cha kufuma. Saa ya salamu ikifika, anafunga mlango. Nilikaa ukumbini nikimwona mchoyo. Nilitaka wenzangu waje, wajue nasi tunayo. Nilisikia majina ya watu yakipita mle ndani, membamba kama sauti ya mbu. Kisha kimya, na mama hatoki upesi.

Baba hakurudi. Nami nilielewa baadaye sana, nilipokuwa mke wa mtu na kungoja kukanifika mwenyewe: mama hakutunyima redio. Alitafuta pa kungojea pasipo wa kumtazama.

Wenzangu wa Kiwangwa, kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni. Na kama yupo aliyewahi kumsikia Mwanaidi binti Selemani akitajwa, siku ambayo sisi hatukusikia, huyo anisahihishe zaidi. Natamani niwe nimekosea.